Mikono Niliyoiogopa

Nawaandikia ninyi mliokiona kidoa juzi au wiki iliyopita, na sasa mnajifungia bafuni kukitazama mkiwa peke yenu. Najua mnavyofanya. Mnakisugua, mnakipaka mate, mnakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, kisha mnashusha mkono wa blauzi na kurudi kwa watu mkichekacheka. Mimi nilifanya hivyo miezi miwili mizima. Sitawaeleza habari za kinga za mwili, hizo wanazo madaktari. Nitawaeleza nilivyoogopa, maana niliogopa vibaya sana, na katika kuogopa nikafanya ujinga ambao ninyi mnaweza kuukwepa.

Ilikuwa miaka ile mkoa wetu wa Manyara ulipokuwa mpya. Tulikuwa tumetoka tu kutengwa na Arusha, na Babati ikapewa kuwa makao makuu kabla haijajiandaa. Kila wiki lori lilishusha makochi na magodoro ya watumishi waliohamishiwa kwetu. Mume wangu Paskali ni fundi mwashi, na sijawahi kumwona na kazi nyingi kama kipindi kile. Mimi nilikuwa na saluni mtaa wa Bagara, fremu moja yenye draya mbili, na wake za watumishi walijaa kwangu kila Ijumaa na Jumamosi.

Mimi ni Mnyaturu wa Singida, mweusi hasa, yule wanayemtania kwamba taa ikizimika lazima acheke ndipo aonekane. Paskali ni Mwiraqw wa Dareda, maji ya kunde, na binti yetu Anita alichukua rangi ya baba yake. Nilijivunia hilo. Wateja wakisema, "Mtoto mzuri, amekuwa mweupe," nilijibu asante, wala sikuwahi kujiuliza nashukuru nini.

Kidoa cha kwanza kilikuwa chini ya pete. Nilivua pete ili nimwekee mteja dawa ya nywele, nikakiona, kidogo kama punje ya ulezi, cheupe pee. Nikajua ni dawa imenichoma, maana sisi wasusi kuchomwa na dawa tumeshazoea. Masika yalikuwa yanaanza. Mahindi yalipofika magotini vidoa vilikuwa vinne, na kimoja kilikuwa pembeni ya mdomo, mahali ambapo hakuna pete wala dawa ya nywele.

Nilichowaza ni ukoma. Kule kwetu nilimjua mzee mmoja aliyeishiwa vidole, na nilisikia kwamba mwanzo wake ni mwili kutosikia. Basi nikachukua sindano ya kushonea nywele, nikajichoma kwenye kidoa. Nilisikia maumivu, nikamshukuru Mungu. Kesho yake nikajichoma tena kuhakikisha, na keshokutwa, na siku iliyofuata, mpaka kidole kikavimba. Paskali akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia nimejikata na wembe.

"Nenda hospitali," akasema.

"Nitakwenda."

Sikwenda. Nilihofia kuambiwa. Kidoa kisicho na jina bado ningeweza kukibembeleza, na niliona kikishapewa jina na daktari nimekwisha.

Wateja ndio walionipa jina kabla ya daktari. Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya alidhani mngurumo wa draya unanizuia mimi kusikia, kumbe aliyezibwa masikio ni yeye, akawa anaongea kwa sauti ya juu bila kujijua. "Mama Anita naye! Alivyo mweusi vile, kumbe alikuwa anajichubua. Mkorogo umemrudi." Mwenzake akacheka. Sijawahi kupaka mkorogo maisha yangu, ila niliona aibu kama niliyefumaniwa, kwa sababu kuutamani niliwahi kuutamani. Baada ya hapo wengine walikuwa wakiingia na kuiona mikono yangu, wanakumbuka kitu nyumbani, wanasema watarudi.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kazi yangu nyingine ilikuwa kuwachora maharusi maua kwa hina na piko. Mnaijua piko ilivyo nyeusi. Nikasema, kama inaweza kuchora ua jeusi kwenye mkono wa bibi harusi, itashindwaje kunirudishia rangi yangu mwenyewe? Nikaichanganya na dawa ya kupaka nywele ya kahawia, nikaijaribu kwenye kisigino mpaka ikafanana na mimi, kisha nikajipaka kila kidoa cha mikononi kwa brashi ndogo. Siku ya kwanza ilikubali vizuri mno. Nilikwenda kanisani nikanyoosha mikono juu kwenye kuimba kuliko kawaida yangu.

Nikarudia wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mara ya nne ilianza kuwasha nikiwa bado naosha brashi. Jioni mikono yote miwili ilikuwa imevimba na kutoa malengelenge, hata kitana kilinishinda kushika. Asubuhi Paskali hakuniambia niende hospitali. Alinichukua mwenyewe.

"Mama, umepaka nini?" nesi akauliza.

"Sabuni tu."

"Sabuni gani hii inayotoa weusi kwenye pamba yangu?"

Nikalia, nikasema ukweli. Aliyenitibu alikuwa baba wa makamo, mpole. Akanigeuza mikono, akanitazama mdomo, akasema hii ni mbalanga. Haiambukizi, haikuniua wala haitaniua, haitokani na mkorogo wala mkono wa mtu. Lakini piko ilikuwa imenichoma vibaya, na mwenye mbalanga akijeruhi ngozi huenda weupe ukaota pale pale kwenye jeraha. Akaniandikia barua ya kwenda kliniki ya ngozi Moshi. Nilisikia neno moja tu katika yote, kwamba weupe huenda ukaota.

Ukaota. Malengelenge yalipokauka na kubanduka, chini yake hapakuwa na rangi. Kipupwe kilipofika, mikono yangu yote miwili ilikuwa nyeupe kuanzia kucha mpaka kwenye vifundo, kama nimevaa soksi za mikono. Juu ya hapo nilikuwa mimi yule yule wa Singida.

Niliiogopa. Watu wa nje wanadhani mgonjwa wa ngozi anaogopa macho ya watu tu. Mimi nilikuwa nikiamka alfajiri nikaona mkono juu ya blanketi, nadhani kuna mtu mwingine kitandani. Nikiosha vyombo nilitazama pembeni. Nilikuwa nikiamuru vidole vikunje, vinakunja, na bado nahisi namwamuru mtu mwingine.

Anita alikuwa na miaka minne na nusu. Nilipotoa bandeji mara ya kwanza nilikuwa namwogesha nje, kwenye beseni. Aliitazama mikono ikiingia kwenye maji, kisha akanitazama usoni, kisha akaitazama tena.

"Mama," akaniuliza kwa sauti ndogo, "mikono yako umeiweka wapi?"

"Hii hapa."

"Siyo hiyo. Ya kwako."

Nikataka kumshika nimbembeleze. Akapiga kelele nilizozisikia mara moja tu kabla ya siku ile, alipoumwa na mbwa. Akatoka kwenye beseni na povu lake, akakimbilia kwa baba yake. Tangu hapo hakukubali nimwogeshe, wala nimlishe, wala nimshike mkono kuvuka barabara. Uji nikiukoroga mimi alisema una harufu. Alikonda. Nilianza kuvaa glovu za dukani, za kufulia, akaziogopa hizo zaidi.

Mama mkwe wangu akaja kutoka Dareda. Alifika na maziwa kwenye kibuyu, nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akaitazama mikono. Halafu akatenga kikombe changu na sahani yangu, akaviweka juu ya kabati, mbali na vya wengine. Hakufanya kwa ubaya. Kwao zamani mtu aliyepatwa na jambo zito lisiloeleweka alitengewa vyombo na mahali pake mpaka lipite, na yeye alilelewa hivyo. Siku ya tatu akamwambia Paskali mbele yangu, "Huyu mtoto anaogopa. Mtoto akiogopa sana anaugua. Mimi nachukua yeye, nakaa na yeye mpaka hii kitu iishe."

"Daktari amesema huenda isiishe, mama," nikasema.

Paskali akaenda kufunga nguo za mtoto. Anita aliondoka amebebwa mgongoni kwa bibi yake, ananipungia mkono kutoka mbali, kwa furaha kabisa kwa sababu nilikuwa mbali. Siku ile ndipo nilipojua hasa ninaogopa nini. Niliogopa kwamba mtoto wangu atakua, ataniita mama kwa adabu, na hatanigusa tena.

Kabla ya kwenda Moshi lilinitokea jambo dogo ambalo lilinichekesha kwanza. Nilikwenda ofisi moja kufuatilia leseni ya saluni. Karani alikaa nyuma ya dirisha lililopakwa rangi, lenye tundu dogo chini la kupitishia karatasi. Nikapitisha fomu. Ndani nikasikia kiti kinasogea haraka na sauti tamu ikisema, "Karibu sana, madam, subiri kidogo tu, nakushughulikia sasa hivi." Nikashangaa. Halafu akainama kwenye tundu, akauona uso wangu. "Aa," akasema. "Mama, hebu rudi kwenye foleni."

Nilicheka mpaka barabarani. Nilipofika kwenye saluni yangu tupu kicheko kiliniisha. Mkono wangu ulikuwa umepewa heshima ambayo uso wangu haukuwahi kupewa tangu nihamie mji ule. Na nilijua kwa nini karani alikosea, kwa sababu hata mimi ningesimama upesi vile vile. Mzungu wa mradi wa maji alipomleta mke wake kutengenezwa nywele, niliwaacha wateja wawili wenye povu kichwani, nikajifuta mikono kwenye aproni mara mbili ndipo nikamsalimu.

Moshi nilikwenda mwezi wa kuvuna mbaazi. Kliniki ya ngozi ina kimya chake. Kwenye benchi la wagonjwa wa malaria watu wanalalamika, wanaombana maji, wanasimuliana. Kwetu kila mtu alikuwa amejifunika kitu. Kijana mmoja alikuwa na kofia ya sweta wakati wa joto, mama mwingine amefunga kanga mpaka puani, na mimi nimeingiza mikono kwapani. Tulikuwa tunaibia kuangaliana, kila mmoja akitafuta aliye na hali mbaya kuliko yeye. Nawaambieni ukweli, nami nilitafuta.

"Mama Anita! Na wewe uko huku?"

Alikuwa Mama Joeli, jirani yangu wa Bagara, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Anafuma masweta ya shule kwa mashine, na nusu ya watoto wa mtaa wetu wamevaa kazi yake. Mama Joeli ana ualbino. Siku zile tulitumia neno lingine ambalo leo naona haya kuliandika. Alikuwa na kofia yake pana na pamba sikioni.

"Nimeleta sikio walitazame," akasema, akikaa. "Kidonda hakitaki kupona, na ngozi yangu hii na jua havipatani. Nakuja hapa tangu nikiwa msichana. Shikamoo ya asubuhi hatujapeana."

Alikuwa anatania, tulikuwa rika moja. Akaninyooshea mkono. Nami bila kufikiri nikatoa mkono kwapani, nikakunja ngumi, nikampa kifundo cha mkono.

Nyote mnaijua desturi hii. Mtu mwenye mikono mibichi au michafu hatoi kiganja, hutoa kifundo, mwenzake anakishika na salamu inakuwa imetimia. Sisi wasusi tunashinda na mafuta mikononi, kwa hiyo tunatoa kifundo kutwa nzima. Mama Joeli akakitazama kifundo changu. Hakukishika.

"Leo una mafuta gani?" akauliza.

Mikono yangu ilikuwa mikavu.

"Mimi nimekuzoea," akaendelea, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, ndiyo maana niliisikia vizuri. "Miaka minne unanipa kifundo. Mwanzo nikasema huyu ni msusi, ana mafuta. Halafu Jumapili moja nikakuona nje ya kanisa, umependeza, umempa yule mzungu wa maji mikono yote miwili. Ukageuka, ukanipa mimi kifundo."

"Sikujua, Mama Joeli. Haki ya Mungu sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua, ungejificha."

Wiki ile ile wateja wangu watatu walikuwa wamenipa vifundo, watu wenye mikono mikavu kabisa, na nililia kila mara. Vya kwangu nilivihesabu vizuri. Vile nilivyompa yeye kila asubuhi kwa miaka minne sikuwa nimevihesabu hata kimoja.

Nikadhani amemaliza. Akairekebisha pamba yake, akasema, "Nasikia Anita yuko kwa bibi yake."

"Ananiogopa." Nikamwonyesha mikono. Sijui kwa nini nilimwonyesha yeye kabla ya daktari.

Akaitazama bila kushtuka, na angeshtuka kwa lipi? "Anita alikuwa anakuja kwangu," akasema. "Alipenda kuokota vipande vya nyuzi chini ya mashine. Siku moja ukampitia, ukachukua kanga yako ukamfuta viganja vyote viwili, kimoja kimoja. Hukusema neno baya. Uliniaga vizuri tu. Tangu siku ile akifika kwangu anapita mbio."

Siku ile niliikumbuka. Nilikuwa nimeisahau kabisa mpaka alipoisema, kisha nikaikumbuka yote, kanga yenyewe na maua yake. Hapo benchini niliogopa kuliko siku ya sindano na siku ya malengelenge. Mtoto wa miaka minne hakuzaliwa akijua kwamba mkono mweupe wa mtu wa kwetu unakimbiwa. Kuna aliyemfundisha, tena bila kufungua mdomo, na aliyefundishwa alikuwa ameshika somo vizuri.

Wakaniita. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Akanishika mikono bila glovu, akaigeuza chini ya taa kwa muda, na nilitambua kwamba tangu kipupwe hakuna mtu aliyenishika hivyo. Akanipa tyubu tatu za kupaka, akaniagiza nikae kwenye jua la asubuhi dakika chache kila siku, nisizidishe, na nisipake kitu kingine chochote.

"Rangi itarudi?" nikauliza.

"Huenda ikarudi, huenda isirudi. Nyumbani nani anakushika?"

"Hakuna."

Akaandika dawa, kisha akaacha kalamu, akasema, "Hilo usiliache kama lilivyo." Hakuwa na dawa ya hilo, na hakujifanya anayo.

Tulirudi pamoja na Mama Joeli. Alikuwa amekatwa kipande kidogo sikioni na kuambiwa asubiri majibu, na njia nzima alinisimulia vituko vya wateja wake wa masweta ili nisimwone anavyoogopa. Tulipofika Babati nilimshukuru, nikamnyooshea kiganja. Nilikitazama kikienda, nimekiamuru. Akakishika, akacheka kidogo. "Mkono wa baridi huo. Nenda kapumzike."

Tyubu ya kwanza ilikwenda na mavuno ya mbaazi. Kila asubuhi nilikaa uani na mikono juu ya magoti nikiipasha jua, na Mama Joeli akipita na kofia yake alisema, "Mimi nalikimbia, wewe unalifuata. Mmoja wetu hana akili." Tyubu ya pili ilikwenda na vumbi la mwezi wa kumi. Saluni ilikuwa inasuasua, nikawa nakwenda kwake mchana kumsaidia kuzungusha nyuzi. Mwanzo nilikwenda kwa kuona aibu, nikitaka nionekane nimetubu. Baadaye nilikwenda kwa sababu nilicheka kule kuliko nyumbani.

Siku moja uzi wa kijani uliviringana vibaya. Tukainama wote wawili juu ya lile fundo, mikono minne, tunavuta huku na kule. Nikasikia kidole changu kimekwama, nikakivuta kwa nguvu.

"Hicho changu!" akapiga kelele.

Kilikuwa chake kweli. Nilikuwa nimekivuta kidole cha mtu nikidhani ni changu. Tulicheka hadi mashine ikatikisika. Ila nilipofika nyumbani nilikaa nikiwaza, kwa sababu jambo lile lisingewezekana mwaka mmoja nyuma. Siku zile ningekijua cha kwake nikiwa nimefumba macho, kwa jinsi mwili wangu ulivyokuwa ukijivuta nyuma akikaribia. Na mara nyingine nikiosha vyombo nilijikuta naitazama mikono yangu muda mrefu bila woga, nikishughulika na sufuria tu.

Msidhani nilitakasika. Mwezi ule ule yule mzungu alipita saluni kuuliza njia, nami nikainuka kama shuleni kumeingia mkaguzi, nikampa kiti na soda. Tabia hiyo bado iko mwilini mwangu mahali fulani, naikuta imefika mlangoni kabla yangu. Siku hizi angalau naiona ikifika.

Majibu ya sikio la Mama Joeli yalikuja mema. Ya kwangu yalikuwa nusu kwa nusu. Kabla tyubu ya tatu haijaisha, doa la mdomoni lilianza kujaa, na vidoti vidogo vyeusi vikachipua kwenye vifundo. Vidole havikurudi, na mpaka leo ninapoandika havijarudi. Paskali alikuwa ameanza kunishika tena. Jioni moja aliniambia kwamba miezi ile alikuwa anakula kazini makusudi, ili asile ugali nilioupika. "Nilikuwa naogopa, mke wangu," akasema. Nilikasirika sana, nikalia, kisha nikamwambia anipeleke Dareda.

Tulikwenda vuli ilipoanza, watu wako mashambani. Mama mkwe alinipokea mzigo, akanichotea maziwa, na akanipa kikombe alichokuwa anakinywea yeye mwenyewe. Nikayanywa yote. Anita alikuwa nyuma ya gauni lake. Alikuwa amenenepa, na nywele zake zilikuwa msitu.

"Januari anaanza chekechea," bibi yake akasema. "Mimi sijui kusuka. Nilisema wanyoe, anakataa, analia. Anasema mama yake atasuka."

Nilimwangalia Anita. Akajificha.

"Ulisema hivyo, Anita?"

Halafu sauti kutoka nyuma ya gauni ikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikusuke?"

Akikataa leo, nilijua nitaondoka bila yeye, na kila mwezi utakaopita utafanya kukataa kuwe kwepesi zaidi.

"Nisuke," akasema, "lakini mimi nisiione."

Akaja kinyumenyume kutoka kwa bibi yake, hatua kwa hatua, macho ameyafumba kwa nguvu, akakaa chini katikati ya miguu yangu na kunipa mgongo. Nikaweka mikono kichwani kwake. Akakaza shingo, mwili wote ukawa mgumu. Nikagawa nywele, nikapaka mafuta, nikaanza mstari wa kwanza, yebo ya kawaida tu ya mtoto wa shule. Paskali alikuwa amesimama mlangoni, na mama mkwe aliacha kuchambua maharage. Mstari wa pili shingo ikalegea kidogo. Wa tatu akaegemea goti langu.

Katikati ya mstari wa nne aliinua mkono wake nyuma ya kichwa, bado amefumba macho, akanishika kidole kimoja. Nikaacha kusuka. Akakipapasa mpaka kwenye ukucha, akahamia cha pili, akakipapasa nacho, mpaka vyote vitano.

"Mama," akasema.

"Naam."

"Unavuta sana. Kama zamani."

Nikalegeza mkono, nikaendelea kusuka.